Termeh alichagua nani? Tuyaweke sambamba majibu matatu ya mwisho wa A Separation

Kama hujaiona A Separation ya Asghar Farhadi ishia hapa kwanza, katafute uiangalie, ni dakika 123 tu, afu rudi tuongee, maana mi naenda moja kwa moja kwenye mwisho na sifichi kitu. Ni filamu ya Iran ya 2011, ndo ile iliyobeba Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka huohuo, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ya kwanza kwa Iran. Lakini kila niliyempa aiangalie haniulizi habari za tuzo, akimaliza tu swali ni lilelile, sasa huyu mtoto kamchagua nani?

Mwisho wenyewe uko hivi. Wako mahakamani Tehran, Nader na Simin safari hii wanaachana kweli, na binti yao Termeh, wa miaka kama 11 hivi, anaulizwa na hakimu kama ameshaamua atakaa na nani. Anasema ndiyo ameshaamua. Anaambiwa haya sema basi, hasemi, machozi yanamshuka tu. Anaulizwa kama angependa wazazi wake watoke nje, anasema kama inawezekana. Wanatoka. Na sisi tunatoka nao. Nader anabaki upande mmoja wa korido, Simin upande wa pili, katikati yao kuna kizuizi cha vioo, watu wanapitapita, sauti za watu wenye kesi zao zinasikika, na majina ya waigizaji yanaanza kupita kwenye skrini huku hao wawili bado wanasubiri. Mlango haufunguki. Imeisha hiyo.

Mi na dada yangu tuliiangalia kwenye laptopu sebuleni kwa mama, umeme ulikuwa umerudi saa tatu usiku, na ilipofika pale tulikaa kimya tunaangalia majina ya Kifarsi tusiyoweza hata kuyasoma mpaka yakaisha yote, tukijua lazima kuna kipande kimebaki. Hakuna. Tukaanza kubishana palepale na mpaka leo hatujamaliza. Toka siku hiyo nimeirudia mara nne, na majibu ninayoyasikia kwa watu yako matatu, alichagua baba, alichagua mama, au jibu lenyewe halipo kwa makusudi. Kila moja lina ushahidi wake ndani ya filamu, sio hisia tu, ndo maana nataka tuyaweke pamoja uone lipi linakukaa.

Kwanza niondoe swali moja dogo ambalo linawasumbua wengine, eti kwani mtoto anaruhusiwa kuchagua? Kwa sheria za Iran mtoto anakaa na mama mpaka miaka 7, baada ya hapo ni baba, ila akishafika umri wa balehe, na kwa msichana wao wanahesabu miaka 9 ya mwezi mwandamo, anachagua mwenyewe. Kwa hiyo Termeh kaulizwa kihalali kabisa. Na sio jambo la mbali, hata kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mahakama izingatie matakwa ya mtoto kama ameshafika umri wa kuwa na maoni yake. Kuna watoto wanaulizwa hili swali wiki hii hii.

ALICHAGUA BABA

Hawa wana hoja nzito na mwanzo mi nilikuwa huku. Simin anapofungasha mizigo na kurudi kwao, Termeh habebi begi, anabaki na Nader na babu yake mwenye Alzheimer. Na filamu inatumia muda mwingi kutuonyesha hawa wawili jinsi walivyo. Kuna ile sehemu ya sheli, Nader anakaa ndani ya gari anamwachia mtoto ajaze mafuta mwenyewe, analipa, anarudi, baba anamuuliza chenji iko wapi, kumbe yule wa pampu kaibakiza kama bakshishi. Nader anamwambia rudi ukaidai. Mtoto anarudi, na kamera iko na baba anamwangalia kwenye kioo cha gari, anamwona binti yake mdogo anabishana na mtu mzima, na uso wa yule baba unafunguka taratibu kwa fahari. Anarudi na hela yake, anaambiwa basi kaa nayo. Sehemu yenyewe fupi sana lakini ndo malezi yote ya Nader yako pale, simama mwenyewe, dai haki yako, usiogope mtu.

Afu kuna ile ya kusoma kwa ajili ya mtihani. Baba anamuuliza maneno, mtoto atoe la Kifarsi badala ya la kigeni, linakuja neno lenye maana ya garantii, Termeh anajibu zemanat, Nader anakataa, anamwambia hilo ni la Kiarabu. Sisi tunaoongea Kiswahili tunalisikia bila hata kutafsiriwa, ni dhamana hiyohiyo yetu. Mtoto anajitetea kwamba mwalimu ndo kasema hivyo, baba anamjibu kwamba kosa ni kosa tu, haijalishi kalisema nani wala limeandikwa wapi. Lishike hilo neno maana tutarudi kwake, na cha ajabu baadaye Nader mwenyewe ndo anakuja kutafutiwa dhamana ili asilale ndani.

Ushahidi mkubwa wa upande huu ni uongo wa Termeh. Kwa ufupi, Nader alimsukuma nje dada wa kazi, Razieh, baada ya kumkuta baba yake kaanguka chini na mkono umefungwa kitandani, Razieh mimba ikatoka, kesi ikageuka ya kuua kwa sababu mimba ilikuwa imeshapita miezi minne. Kesi nzima inategemea kitu kimoja, je Nader alijua kwamba Razieh ni mjamzito? Alijua. Alisikia Razieh akiongea na mwalimu wa Termeh pale nyumbani. Akawaambia wote kwamba hakujua, na mtoto alipombana wakiwa wawili tu akamkubalia. Halafu hakimu akamuita Termeh athibitishe maneno ya baba yake, na mtoto akasema uongo kumwokoa. Sasa wanaosema alichagua baba wanakuuliza, mtoto aliyebeba dhambi ya namna hiyo kwa ajili ya baba yake leo atamwacha mwenyewe? Si swali la kupuuza hata kidogo.

ALICHAGUA MAMA

Hapa ndo nilipohamia, na kilichonihamisha ni nguo. Rudi uangalie ile sini ya mwisho, wote watatu wamevaa nyeusi. Hakuna anayesema neno, hakuna msiba tuliouona, lakini ukiunganisha unaelewa kwamba babu amefariki. Sasa kumbuka filamu ilivyoanza. Simin anataka waondoke Iran wote watatu, viza ipo na imebaki siku kama 40 iishe, Nader anasema hawezi kumwacha baba yake. Simin anamwambia huyo mzee hata hajui kama wewe ni mwanae, Nader anajibu lakini mimi najua kwamba yeye ni baba yangu. Hilo jibu lilinichoma, nimekulia kwenye nyumba ya mzee wa namna hiyo na najua uzito wake. Lakini sasa mzee hayupo. Ile sababu moja aliyoitoa Nader mbele ya hakimu imezikwa, na bado wako mahakamani wanaachana. Maana yake nini? Maana yake ugomvi haukuwa wa babu tu. Babu alikuwa kitu cha kushikilia, kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aseme samahani au aseme baki, na hakuna aliyesema. Simin alitaka aambiwe usiende. Hakuambiwa hata mara moja.

Na Termeh alikaa kwa baba kwa nini? Watu wanasema mapenzi, sawa, mapenzi yapo, lakini yule mtoto alikuwa anajua kwamba mama hawezi kuondoka nchini bila yeye. Alibaki kama kigingi. Yeye akiwa kwa baba, mama hasafiri, mama hayuko mbali, mama anapita kila siku, na kuna siku wataelewana. Ndo hesabu yake ilikuwa hiyo na kwa mtoto wa miaka 11 ni hesabu ya akili sana. Pale mwisho kigingi hakina tena cha kushikilia, wameshaachana. Kwa hiyo kubaki kwake kwa baba mwanzoni huwezi kukutumia kama ushahidi wa mwisho, ile ilikuwa ni kuwashika wote wawili, hii ya sasa ni kuchagua, ni vitu viwili tofauti.

Halafu turudi kwenye uongo. Mi nauona tofauti na hao wenzetu. Baba hakumlazimisha kudanganya, na hapo ndo kidonda kilipo, mtoto ameachiwa abebe mwenyewe. Tazama wakitoka pale, yuko ndani ya gari analia bila sauti, na baba yuko pembeni yake. Huyu ndo aliyemfundisha kwamba kosa ni kosa hata aseme nani. Yule mwanaume wa kwenye sheli, aliyekuwa hawezi kuachia hata chenji ya mafuta ipite, amekuja kumwachia binti yake jambo kubwa namna hii lipite. Mtoto anaweza kuendelea kumpenda baba yake baada ya hapo, na nadhani anampenda sana, lakini ule uso wa Nader kwenye kioo cha gari hauwezi kurudi ulivyokuwa.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho wengi kinawapita. Siku ya kumalizana, wamekaa nyumbani kwa Razieh, hela ya diya, yaani fidia ya ile mimba, inataka kulipwa, wadai wa mumewe wapo wamekaa wanasubiri, Nader anasema kabla sijasaini naomba Razieh aape kwa msahafu kwamba mimi ndo nimesababisha. Sisi wa pwani hapo hatuhitaji maelezo, tunajua chumba kinavyobadilika msahafu ukitajwa. Razieh hawezi kuapa, kwa sababu siku moja kabla ya kusukumwa aligongwa na gari akimkimbilia yule mzee barabarani, na maumivu yalianza usiku ule, na anaogopa hela ya haramu isije ikamdhuru binti yake. Mumewe anachanganyikiwa pale. Nader kashinda. Sasa angalia Termeh na yule binti mdogo wa Razieh, Somayeh, ambao siku za mwanzo walikuwa wanacheza pamoja, angalia wanavyotazamana. Nader alikuwa na haki ya kudai kile kiapo, kabisa, lakini ushindi wenyewe mtoto wake kaulipia kwa lile jicho. Na wanatoka nje wanakuta kioo cha mbele cha gari kimevunjwa.

Nikiyajumlisha hayo naona mtoto anayetaka kutoka kwenye ile nyumba. Sio lazima kwenda Ulaya au popote, maana hatuambiwi kama ile viza bado inafanya kazi baada ya kesi zote hizi. Ni kwenda tu kwa mama, ambaye kwenye ugomvi wote alikuwa anasema tulipe yaishe mtoto wangu yuko salama, wakati baba anasema sikufanya kwa nini nilipe. Kuna watu wanamwona Simin kama mwanamke wa kukimbia matatizo na Nader anamwambia hivyo usoni, lakini mi nikiwa na mtoto anayefuatiliwa mpaka shuleni na mtu mwenye hasira ningelipa siku hiyohiyo.

JIBU HALIPO KWA MAKUSUDI

Hili watu wengine wanalisema kwa uvivu, eti dairekta kaishiwa, au kaweka tu tubishane. Siwakubalii hata kidogo, lakini likisemwa kwa umakini ni jibu lenye nguvu labda kuliko yote.

Angalia filamu inavyoanza. Nader na Simin wamekaa wanaongea wakitazama kamera, hakimu tunamsikia tu hatumwoni, maana kamera imekaa pale alipokaa yeye. Yaani dakika ya kwanza sisi watazamaji ndo hakimu. Tunapewa kesi. Na kwa saa mbili tunahukumu kweli, Razieh muongo, hapana Nader ndo muongo, hapana mume wa Razieh ni mtu mbaya, hapana masikini ya Mungu hana kazi na anadaiwa, kila baada ya dakika kumi tunabadilisha hukumu na kila mara tulikuwa na uhakika. Afu mwisho, kwenye hukumu pekee ambayo tunaitaka kwa moyo wote, tunatolewa nje ya chumba. Tunakaa korido pamoja na wazazi. Kiti cha hakimu tumenyang'anywa.

Na usisahau kwamba huyu dairekta anajua kuficha kitu akaja kukifichua. Ile ajali ya Razieh tunaona yuko kandokando ya barabara, magari yanapita, na kabla hajagongwa picha inakatwa tunapelekwa sehemu nyingine kabisa, tunasahau, mpaka karibu na mwisho ndo tunaambiwa. Ule msukumo wa mlangoni nao hatuoni jinsi alivyoanguka. Kwa hiyo ni mtu anayefanya hesabu, mafumbo yote aliyoyafunga akayafungua, hili moja akaliacha, na muziki ambao filamu karibu nzima haukuwepo ndo unaanza pale pale wakiwa wanasubiri. Kwa wanaosema hivi, mwisho sio kuhusu nani kachaguliwa, ni kuhusu hao watu wazima wawili kufikisha mtoto mahali ambapo jibu lolote atakalotoa ni kumkata mmoja wao. Hata ile kuomba watoke nje, ukiifikiria, bado anawalinda. Mpaka dakika ile bado yeye ndo mzazi.

Kasoro ninayoiona hapa ni moja, na mi siwezi kuiruka. Termeh alisema ameshaamua. Angekuwa dairekta anataka kusema hakuna jibu, mtoto angesema sijui. Hakusema sijui. Jibu lipo, liko kichwani kwake, sisi ndo hatujapewa. Kwa hiyo hata ukikaa kwenye jibu hili la tatu, bado kuna mtu mmoja mle ndani anayejua.

Lipo na la nne la kisiasa, kwamba baba ni kubaki Iran na mama ni kuondoka na Termeh ni kizazi kipya, na siwalaumu wanaoliona hivyo, maana hata Farhadi mwenyewe mwaka 2010 wakati anaitengeneza alisimamishwa kwa muda baada ya kuwatetea watengenezaji filamu wenzake waliokuwa matatani na serikali. Lakini likikaa peke yake naona linamgeuza Termeh kuwa bendera, na yule mtoto sio bendera, Sarina Farhadi aliyemwigiza, binti wa dairekta mwenyewe, kafanya kazi kubwa mno ya kumfanya awe mtoto.

SASA UCHAGUE LIPI

Ukitaka kuchagua usianze na machozi. Machozi na kuomba wazazi watoke ndo vitu vya kwanza watu wanavitaja kama ushahidi, na havisaidii upande wowote, angelia hivyohivyo akimtaja baba na angelia hivyohivyo akimtaja mama. Viweke pembeni.

Jiulize kwanza ule uongo wa mbele ya hakimu ulikuwa ni nini. Ukiuona ni upendo utaishia kwa baba, ukiuona ni kidonda utaishia kwa mama, na nimeshaona watu wawili wanaangalia sini moja, sofa moja, wanatoka na majibu mawili. Halafu zile nguo nyeusi. Kama zinakwambia Nader sasa amebaki peke yake, ni baba tena, kama zinakwambia sababu ya kubaki imeisha, ni mama. Na kama kila ukijaribu kujibu unajikuta unafikiria zaidi wale wawili wa kwenye korido kuliko mtoto aliye ndani, basi wewe ni wa jibu la tatu, usijilazimishe kuchagua mzazi, angalia tena dakika tano za kwanza na dakika tano za mwisho mfululizo bila ya katikati utaona ninachosema kuhusu kile kiti.

Mi niko kwa mama. Kwa sababu ya kile kigingi, na kwa sababu ya yule mtoto ndani ya gari. Ila nikiri kwamba nikifika pale bafuni, Nader anamwogesha baba yake, anamsugua mgongo, afu ghafla anashindwa anaegemea ule mgongo wa mzee anaangua kilio, mzee hajui hata nini kinaendelea, hapo huwa nayumba.

Dada yangu yuko kwa baba na hajawahi kusogea, na hoja yake haina mambo ya kamera wala sheria. Anasema hesabu watu waliokuwa kwenye ile nyumba filamu ilipoanza. Mama kaondoka, babu kafa. Jioni ile wakitoka mahakamani Nader anafungua mlango, kitanda cha mzee kiko pale, dawa zake zipo, na kuna mtu mmoja tu anayeweza kuwa amekaa mezani anafanya homuweki.